Alama 1270 na Neno Tabia

Namba iliyozua vita ni 1270. Hizo ndizo alama ambazo David Hogg alipata kwenye SAT, mtihani ambao wanafunzi wa Marekani hufanya kabla ya kuomba nafasi chuoni, na ambao kilele chake ni 1600. Si alama mbaya. Watahiniwa wengi wangezichukua kwa mikono miwili. Lakini kwa Harvard, ambako wengi wa wanaoingia huwa wamepita 1400, ni kama kusikia jirani yako ameitwa kusomea udaktari na B ya kawaida. Lazima mtaa utauliza.

Hogg alikuwa kidato cha mwisho katika shule ya Marjory Stoneman Douglas, mjini Parkland, Florida. Tarehe 14 Februari 2018 kijana mmoja aliyewahi kusoma hapo aliingia na bunduki akaua watu 17. Hogg na wenzake walitoka pale wakiwa na hasira, na badala ya kukubali maombi na rambirambi za wanasiasa wakadai sheria kali za bunduki. Mwezi mmoja na nusu baadaye, mtangazaji wa Fox News, Laura Ingraham, akaandika kwenye Twitter akimcheka kijana huyu kwa sababu vyuo vinne vya California vilikuwa vimemkataa. Hogg hakulia. Alitoa orodha ya kampuni zinazotangaza biashara kwenye kipindi cha mama huyo na kuwaomba wafuasi wake wazipigie kelele. Zaidi ya kumi zikajitoa. Ingraham akaomba msamaha.

Kisha Desemba mwaka huo, Hogg akatangaza kwamba ameingia Harvard.

Hapo ndipo moto ulipowaka. Waliomchukia kwa ajili ya bunduki walisema Harvard imemzawadi kwa siasa zake. Lakini hata watu wasio na shida na siasa zake waliuliza swali ambalo si la kijinga: kuna mtoto mahali fulani aliyepata 1560, aliyelala saa nne usiku kucha akisoma, na amekataliwa. Yeye amekosea wapi? Hakupigwa risasi? Hakuonekana kwenye televisheni?

Nimelifikiria swali hilo kwa muda mrefu kuliko inavyofaa, pengine kwa sababu mimi mwenyewe niliacha chuo njiani na sina mlango wowote wa kulinda. Na nadhani sikio la Mkenya hulisikia swali hili kwa namna yake. Sisi tumelelewa na namba. Unafanya KCSE, karatasi yako inasahihishwa na mtu asiyejua baba yako ni nani, unapata gredi, kompyuta inapiga hesabu ya masomo yako na kukutupa kwenye kozi fulani. C+ ndiyo kizingiti cha chuo kikuu. Hakuna anayekuuliza kama ulikuwa kiranja, kama ulitunza ndugu zako wadogo, kama uliongoza mgomo wa chakula. Ni mfumo usio na huruma, lakini una heshima yake: mtoto wa Turkana na mtoto wa Lavington wanapimwa kwa rula moja.

Ingawa, tukisema ukweli, hata sisi tumekuwa tukiinamisha hiyo rula. Enzi za JAB, kabla ya KUCCPS, wasichana walipunguziwa kizingiti kidogo ili waingie wengi. Na mwaka 2011 serikali iliamua nafasi za shule za kitaifa zigawanywe kati ya shule za umma na za binafsi kulingana na idadi ya watahiniwa wa kila upande, kwa sababu watoto wa shule za binafsi walikuwa wamezijaza. Wazazi wa shule za binafsi walipiga kelele sana. Mtoto wangu amepita, mbona anaadhibiwa? Wa upande wa pili wakajibu: mtoto wako alikuwa na walimu, vitabu na basi la shule, wangu alitembea. Nani kati yao alikuwa akisema uongo? Hakuna. Hiyo ndiyo shida ya neno kustahili. Kila mtu hulishika kwa upande unaomfaa.

Sasa turudi Harvard, maana historia ya mlango ule ni ya ajabu na ndiyo inayoeleza kilichompata Hogg.

Mwanzoni mwa karne ya ishirini, kuingia Harvard hakukuwa na fumbo. Ulifanya mtihani. Ukipita, na ukiwa na karo, unaingia. Kwa miaka mingi mtihani huo ulidai Kilatini na Kigiriki, kwa hivyo waliopita walikuwa wale wale: watoto wa familia tajiri za kiprotestanti waliosoma shule za bweni za gharama. Chuo hakikuhitaji kumkataa mtu. Mtihani ulifanya kazi hiyo kimyakimya.

Kisha wakaja watoto wa Wayahudi. Wazazi wao walikuwa wahamiaji kutoka Ulaya Mashariki, wengi mafundi cherehani na wachuuzi, na watoto wenyewe walisoma shule za serikali za mijini. Walikaa na vitabu na wakapita ule mtihani. Mwaka 1900 walikuwa kama asilimia 7 ya wanafunzi wapya. Kufikia 1922 walikuwa zaidi ya asilimia 21.

Rais wa chuo wakati huo aliitwa A. Lawrence Lowell, mtu wa ukoo mkubwa wa Boston. (Ndiye huyo huyo aliyewazuia wanafunzi weusi wa mwaka wa kwanza kulala kwenye mabweni pamoja na wazungu, mpaka wakuu wa chuo wakamgeuzia uamuzi mwaka 1923.) Lowell alitishika. Aliamini wazungu wa Boston wataanza kuwapeleka watoto wao kwingine. Mwaka 1922 akapendekeza waziwazi kwamba Wayahudi wasizidi asilimia 15. Kukawa na kelele, magazeti yakaandika, kamati ikaundwa, na mwaka uliofuata kamati ikakataa. Kumbe Lowell hakuwa amemaliza. Tayari fomu za maombi zilikuwa zimeanza kuuliza rangi ya mwombaji, dini yake, jina la mama kabla ya kuolewa, alikozaliwa baba, na swali moja ambalo kila nikilisoma hunipa baridi: je, jina lako au la baba yako limewahi kubadilishwa tangu kuzaliwa? Ulikuwa mtego wa kumnasa mtu aliyeacha jina la Kiyahudi akachukua la Kiingereza.

Idadi iliendelea kupanda. Mwaka 1925 ilipita robo ya darasa. Basi mwaka 1926 chuo kikabadili sheria kwa njia ya akili zaidi. Kikaweka kikomo cha wanafunzi wapya 1,000. Kikasema kuanzia sasa mtihani peke yake hautoshi. Mwombaji atapimwa pia kwa tabia. Akalazimika kuleta picha, na barua kutoka kwa watu wanaomjua. Hakuna mahali palipoandikwa Myahudi. Lakini miaka michache baadaye asilimia yao ilikuwa imeshuka hadi karibu 15, ile ile aliyoitaka Lowell tangu mwanzo.

Jerome Karabel, mwanasosholojia aliyechimba nyaraka za Harvard, Yale na Princeton kwa kitabu chake cha 2005, anaonyesha jinsi maneno haya, tabia, uongozi, haiba, yalivyozaliwa. Hayakuzaliwa ili kumwona mtoto mzima badala ya alama zake tu. Yalizaliwa ili mlinzi wa mlango asiulizwe kwa nini. Mtihani una majibu. Tabia haina majibu. Ukiambiwa umeshindwa hesabu unaweza kuomba karatasi isahihishwe upya. Ukiambiwa huna haiba, utakata rufaa kwa nani?

Lakini vitu vya binadamu havikai vilivyokusudiwa. James Conant alipochukua urais mwaka 1933 alianzisha ufadhili wa kitaifa na kuutumia ule mtihani mpya wa SAT kutafuta vijana werevu kutoka majimbo ya mbali ambao hawakuwa na jina wala pesa. Miaka ya sitini, harakati za Wamarekani weusi zilipotikisa nchi, watu wale wale wa ofisi ya usajili wakagundua kwamba kifaa cha Lowell kinaweza kukata upande wa pili. Ukiwa na ruhusa ya kutazama zaidi ya alama, unaweza kumwona kijana mweusi aliyesoma shule isiyo na maabara na ukasema huyu amekimbia mbio ndefu kuliko wengine. Mwaka 1978, katika kesi ya Bakke, jaji Lewis Powell wa Mahakama ya Juu aliutaja utaratibu wa Harvard kuwa mfano mzuri wa kuigwa. Chombo kilichotengenezwa kuwafungia watu nje kikawa kimegeuka cha kuwaingiza wengine.

Na bado kiliendelea kufungia. Oktoba 2018, miezi miwili tu kabla ya Hogg kutangaza habari zake, kesi ilisikilizwa Boston iliyofungua makabati ya Harvard. Shirika liitwalo Students for Fair Admissions lilidai kwamba chuo kinawabagua Wamarekani wenye asili ya Asia. Ikatokea kwamba ofisi ya usajili hutoa alama ya utu: ujasiri, ukarimu, kupendeka. Waombaji wenye asili ya Asia walikuwa wakipata alama za chini hapo, ingawa masomo na shughuli zao zilikuwa juu. Na wahitimu waliokaa nao mezani na kuwahoji ana kwa ana waliwapa alama zinazokaribiana na za wazungu. Ni ofisi, iliyosoma karatasi tu, iliyowaona hawapendeki. Jaji Allison Burroughs aliamua mwaka 2019 kwamba hakukuwa na ubaguzi wa makusudi. Mahakama ya Juu ilimpindua mwaka 2023 na kupiga marufuku kabisa kuzingatia rangi.

Kesi hiyo ilitoa pia takwimu ambazo kwangu ndizo habari kubwa. Mtoto ambaye mzazi wake alisoma Harvard alikuwa na nafasi ya karibu mmoja kwa watatu ya kuingia. Asiye na mzazi wa Harvard, karibu 6 kwa 100. Mwanamichezo aliyealikwa na kocha, 86 kwa 100. Na usidhani tunazungumzia mpira wa vikapu pekee. Kuna kupiga makasia, kuna vitara, kuna mashua za tanga. Mtoto wa mtaa gani anafunzwa kupiga makasia? Kulikuwa na orodha ya mkuu wa usajili pia, ya watoto ambao chuo kina sababu ya kuwapenda, ikiwemo ukarimu wa wazazi wao. Uamuzi wa 2023 haukuwagusa hao. Rangi iliondolewa mezani, baba tajiri akabaki amekaa.

Kwa hivyo nikiambiwa Hogg alimnyang'anya nafasi mtoto wa 1560, nacheka kidogo. Mwaka ule Harvard ilipata maombi zaidi ya 43,000 na ikachukua chini ya 2,000. Ukimtoa Hogg kwenye hesabu, mtoto wa 1560 bado ana mamia ya wapiga makasia mbele yake. Lakini hakuna aliyeandika uzi wa Twitter kuwahusu wapiga makasia. Mtu akiingia kwa pesa za babu yake tunaita bahati. Akiingia kwa sababu alisimama mbele ya seneta, ndipo tunakumbuka haki.

Hata hivyo sitaki kumtetea Hogg kwa wepesi, maana kuna upande unaonisumbua. Uanaharakati ukishahesabiwa kama sifa, unageuka bidhaa. Mwaka 2017 kijana mmoja wa New Jersey aliulizwa na Stanford ni jambo gani analijali na kwa nini. Akajibu kwa kuandika alama ya reli ya Black Lives Matter mara 100, basi, na akaitwa. Habari ikasambaa. Sasa fikiria mzazi mwenye hela zake, ambaye tayari amemlipia mwanawe mwalimu wa SAT na kocha wa vitara. Akisikia kwamba vyuo vinapenda wanaharakati, atafanya nini? Atamtafutia mwanawe harakati. Ataanzisha shirika, atachapisha fulana, atamtafutia mwandishi wa habari. Na mtoto mwingine, anayerudi nyumbani kila jioni kumpikia nyanya yake, ataandika nini? Kupika si harakati.

Tena si kila mwanaharakati aliyeonekana. Baadhi ya wanafunzi weusi wa shule ile ile ya Parkland walilalamika kwamba kamera zilipita mbele yao bila kusimama, na Hogg mwenyewe alikiri hadharani kwamba vyombo vya habari havikuwapa wenzake weusi nafasi. Huko Chicago kulikuwa na vijana waliokuwa wakizika marafiki na kuandamana kuhusu bunduki miaka mingi kabla ya Parkland. Hakuna aliyewaita kwenye jalada la gazeti. Mtaa wao ulitarajiwa kuwa na risasi, Parkland haukutarajiwa. Hapo ndipo tabia ya Lowell inapochungulia tena: ujasiri unaonekana vizuri zaidi ukikaa kwenye uso fulani.

Na angalia X González, aliyekuwa bado akitumia jina Emma, ambaye alisimama Washington Machi 2018 mbele ya umati mkubwa na kukaa kimya kwa dakika kadhaa mpaka muda wa mauaji yale ukatimia. Pengine ndiyo hotuba iliyokumbukwa zaidi ya harakati zote zile. Alikwenda New College of Florida, chuo kidogo cha umma, akaendelea na maisha. Hakuna aliyekasirika, kwa sababu hakuna aliyeutamani ule mlango. Hasira zetu hufuata jina la chuo kuliko zinavyofuata haki.

Kulikuwa na kijana mwingine kutoka shule ile ile. Kyle Kashuv alinusurika siku hiyo kama wenzake, lakini yeye alitetea haki ya kumiliki bunduki. Alikutana na Trump, akahutubia mikutano, na alama zake zilikuwa juu kuliko za Hogg kwa mbali. Harvard ikamchukua. Halafu mwaka 2019 zikatoka picha za skrini za mambo aliyoandika akiwa na miaka 16: matusi ya kibaguzi dhidi ya watu weusi, neno lile baya likirudiwa mara nyingi, kwa kile alichokiita kujaribu kuwashtua marafiki. Aliomba radhi. Juni mwaka huo Harvard ikaondoa nafasi yake. Sababu? Ukomavu na tabia.

Wahafidhina walisema hii ndiyo hila yenyewe: mwanaharakati wetu anafukuzwa, wao anapokelewa. Sikubaliani nao. Mtu mweusi atakayekaa naye bweni moja ana haki ya kuuliza atalala na nani. Lakini naelewa kwa nini hawakuridhika. Ukiruhusu mlango uamue kwa tabia, umeuruhusu uamue. Leo umeamua vile unavyopenda. Kesho utaamua vingine, na hutaona kikao kilipokaa wala kilichosemwa.

Mkenya mmoja aliwahi kukutana na neno hilo pale pale Harvard. Mwaka 1959 Tom Mboya, mwenyewe akiwa hana digrii, alipanga ndege iliyowabeba wanafunzi 81 kutoka Nairobi kwenda Marekani, na wengine mamia wakafuata miaka michache iliyofuata. Wangari Maathai alikuwa katika kundi la 1960. Serikali ya kikoloni haikufurahi. Ilisema vyuo vingi vya Kimarekani ni vya kiwango cha chini, kana kwamba ilikuwa imewapa vijana hao vingine vya kuchagua. Barack Obama mzee hakupanda ile ndege ya kwanza lakini alikwenda mwaka ule ule, Hawaii, na mwaka 1962 akaingia Harvard kusomea uchumi. Akili hakuna aliyeitilia shaka. Mitihani yake ya uzamifu aliipita. Lakini nyaraka za uhamiaji zilizotolewa miaka mingi baadaye zinaonyesha maofisa wa chuo na wa serikali mwaka 1964 wakinong'onezana kuhusu wake zake na maisha yake ya nyumbani, na jinsi ya kumwondoa. Chuo kikamwambia pesa zimeisha, tasnifu ataiandikia nyumbani. Akarudi bila ile PhD. Kichwani alikuwa ametosha. Kilichopungua, kwa macho yao, ni kile kitu kingine.

Kwetu nyumbani hali ilikuwa kavu zaidi. Hapa uanaharakati haukukuingiza popote; ulikutoa. Titus Adungosi alichaguliwa mwenyekiti wa SONU, chama cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mwaka 1982. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti mwaka huo alifungwa miaka kumi kwa uchochezi. Alifia gerezani mwaka 1988. Wafula Buke, aliyeongoza SONU mwaka 1987, akafungwa mitano. Wakati wowote chuo kilipofungwa, wanafunzi walitakiwa kuripoti kwa chifu wa kijijini kwao kama watu walio nje kwa dhamana. Nikisoma kuhusu vijana wa Marekani wanaoorodhesha maandamano kwenye fomu ya chuo, huwa najiuliza chifu angeandika nini.

Siku hizi hatufiki huko, lakini kijana aliyekamatwa Juni 2024 na kufunguliwa kesi anajua anachokiwaza akitumwa kuleta cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi. Ndiyo, hata sisi tunalo neno hilo. Linaishi kwenye cheti chenye alama za vidole.

Nasema hivi si kwa sababu nadhani Wamarekani wana raha. Februari 2018, shule kadhaa zilipotishia kuwaadhibu wanafunzi watakaotoka darasani kuandamana, MIT, Yale na vyuo vingine vingi vilitangaza kwamba adhabu ya kuandamana kwa amani haitamharibia mtu nafasi. Lilikuwa jambo zuri. Lakini chuo kinachompenda mwanaharakati akiwa mlangoni si lazima kimpende akishaingia. Aprili 1969 wanafunzi wa Harvard waliteka jengo la utawala wakipinga vita vya Vietnam, na rais wa chuo akawaita polisi wawatoe alfajiri kwa rungu. Mei 2024, baada ya wanafunzi kupiga mahema uani kwa ajili ya Gaza, wanafunzi 13 wa mwaka wa mwisho walinyimwa shahada zao siku ya mahafali, ingawa walimu wao walikuwa wamepiga kura wapewe. Wengi wao walikuja kupewa baadaye. Wangapi kati yao walikuwa wameingia pale kwa insha kuhusu kupigania haki?

Hogg hakukaa tu akisubiri barua. Alichukua mwaka mzima nje, akazunguka nchi na wenzake wakiandikisha vijana kupiga kura katika uchaguzi wa Novemba 2018, ndipo akaingia chuoni mwaka uliofuata. Alihitimu 2023. Alisoma historia, na kwa kweli sijui somo gani lingemfaa zaidi. Je, alistahili? Nikilazimishwa kujibu, nasema ndiyo, alistahili kama alivyostahili mpiga makasia yeyote, na pengine zaidi, kwa sababu alichofanya kilikuwa na gharama. Vitisho vya kuuawa havimo kwenye SAT. Lakini nikiulizwa kama mfumo uliompa nafasi ni wa haki, hilo ni swali lingine, na walioligombania mwaka ule waliyachanganya maswali haya mawili kama ugali na uji.

Kama ungenipa kazi ya kuutengeneza ule mlango, ningeanza na watoto wa wahitimu na orodha ya mkuu. Wote nje, leo. Halafu ningeweka kizingiti cha alama, cha wazi, kinachojulikana, na kati ya waliokivuka ningepiga kura ya bahati. Najua inasikika kama kichekesho. Lakini kati ya 43,000 wale, maelfu wangeweza kusoma pale bila shida yoyote, na kujifanya unajua ni nani elfu mbili kati yao wanaostahili zaidi ni uongo unaovaa tai. Angalau bahati haidai kwamba imekuona moyoni. Hogg angeweza kuikosa. Mtoto wa 1560 pia. Na yeyote atakayeandamana ataandamana kwa sababu amechoka, bila kuiwazia fomu.

Kuna kisa kimoja cha Alabama ambacho hakikupata kelele hata robo ya zile za Hogg. Tarehe 25 Februari 1960, wanafunzi weusi wa Chuo cha Alabama State waliingia kwenye mkahawa ulio ndani ya mahakama ya Montgomery, ambao uliwahudumia wazungu tu, wakaomba kuhudumiwa. Gavana John Patterson akataka wafukuzwe. Bodi ya elimu ikawatimua tisa, bila kuwasikiliza, bila hata kuwaambia kosa. Wakaenda mahakamani, na mwaka 1961 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikaamua kwamba chuo cha umma hakiwezi kumfukuza mwanafunzi bila kumpa taarifa na nafasi ya kujitetea. Kesi inaitwa Dixon, jina la mmoja wao, na bado hufundishwa kwa wanasheria. Lakini kufukuzwa kulibaki kwenye rekodi zao. Mei 2018, miezi kadhaa kabla Amerika haijaanza kubishana kuhusu Hogg na Harvard, ofisi ya elimu ya Alabama hatimaye ilizifuta. Miaka 58 ilikuwa imepita. Baadhi yao walikuwa wamekufa, na waliobaki walikuwa wazee wa karibu miaka 80.